Nani Alikuwa Nyuma ya Kiti

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku tupo, wa kukohoa anakohoa na wa kulalamika analalamika. Dada yako kikohozi kimempungua ila hataki kukiri, maana akikiri atakosa wa kumchemshia maji. Anakusalimu, na anasema lile shati ulilolisahau hapa ameshalifanya tambara la kudekia, kwa hiyo usiliulize. Msalimie mkazamjomba na cherehani yake. Ningepiga simu, lakini wewe kwenye simu unapiga kelele kama unamwita mtu ng'ambo ya mto, halafu unakata kabla sijajibu.

Nimepata kazi! Soma tena hapo, usije ukadhani mwandiko umekudanganya. Kamati ya michezo ya watu wenye ulemavu inatafuta ukumbi wa mashindano ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu, ya mwisho wa mwaka. Imeajiri wakaguzi wa kuzunguka kwenye vituo vya michezo na kuona kama mtu wa aina yangu anaweza kuingia, kucheza, kwenda chooni na kutoka kama binadamu wengine. Mimi ninazunguka na bwana mmoja mrefu, mkimya, asiyetoka nyumbani bila tepu ya kupimia mfukoni. Nimembatiza Futi, naye ameitika. Yeye anapima, mimi najaribu. Yeye akisema mlango unatosha, mimi ndiye wa kwenda kukwama.

Kituo cha kwanza kina bango kubwa la kusema wote mnakaribishwa. Bango lenyewe liko juu ya ngazi. Sijafungua mdomo, wanaume wanne wameshatokea, kila mmoja kashika pembe yake ya kiti. "Usijali dada, sisi tupo!" Nikajikuta hewani kama kabati linalohamishwa nyumba. Choo chetu maalumu kilikuwa kimejaa nyavu na ndoo, na ndani yake alikuwa amelala paka. Futi alipoandika "hapana", meneja alishangaa kweli kweli. "Lakini si ameingia?" Alikuwa ananionyesha kidole, kana kwamba mimi ndiye ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Nimerudi nyumbani roho juu, na mpaka sasa haijashuka. Nitasema tu, wewe ndiye uliyenizoesha kubebwa. Ila mgongo wako wa kunipeleka shule niliupanda kwa hiari yangu, na jina la Kiroboto nililipata kihalali.

Mpwa wako,
Kiroboto

27 Februari

Kiroboto wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Sisi hatujambo. Mkazamjomba wako ana jino linamsumbua, hataki ling'olewe, anasema lilikuja naye kwenye ndoa. Mwambie dada yangu lile lilikuwa shati la sherehe.

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ukumbini, mpaka wacheza karata wakaacha karata. Mpwa wangu mkaguzi! Miguu iligoma tangu tumboni, na bado leo mameneja wanatetemeka. Hongera sana.

Sasa sikia habari za kwangu. Na ukumbi wetu umeomba mashindano hayo. Mwenyekiti ametuambia wazi kwamba tukiyakosa, atamkodishia muuza magodoro aweke mali yake. Ukumbi mzima! Na mimi niliyeacha uashi nije kuusimamia, nitabaki kulinda godoro. Godoro halihitaji mlinzi, linalala lenyewe. Lakini sitanii, Kiroboto. Watoto wa mitaa hii wote wamejifunzia mpira humu. Ukifungwa, sijui watakwenda wapi, na mimi sijui nitaamka asubuhi niende wapi.

Kwa hiyo nimejenga mteremko, pembeni mwa zile ngazi za mbele unazozijua. Nimepiga zege mwenyewe, nimesawazisha kwa pima maji, nimeweka na mabomba ya kushikilia, nimeupaka rangi ya kijani. Watu wanapita wanaugusa. Nikaazima kiti cha magurudumu zahanati, nikakipakia mifuko miwili ya saruji, nikakipandisha mpaka mlangoni bila hata kuhema. Kilipanda kama mchezo.

Sijui mkaguzi wa huku kwetu atakuwa nani. Nyie wa ofisini mnajuana, mnong'oneze sikioni kwamba kuna mzee mmoja anamsubiri kwa hamu.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimekawia kujibu. Sababu nzuri sina, basi nisikupe mbaya. Dada yako amepona, sasa anamuuguza jirani, na jirani anaomba mungu apone haraka. Pole kwa mkazamjomba. Mwambie jino si ndugu.

Kazi inanichosha, na hata ukikaa, uchovu huo haupumziki. Kituo cha wiki iliyopita kina bwawa zuri, na kiti cha umeme cha kumshusha mtu majini. Kiti kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo amekwenda nao mtu aliye likizo. Kituo kingine ndicho kilichonimaliza. Walinibeba mpaka kwenye jukwaa la juu, kwenye viti vya wageni wa heshima, nione mchezo vizuri. Nikaona vizuri. Mchezo ukaisha, watu wakashuka kula, wabebaji nao wakashuka kula. Futi alikuwa vyooni na tepu yake. Nikabaki kule juu na viti vitupu, nachungulia chini kama mtu aliyesahauliwa kwenye paa. Niliita mpaka nikaona aibu ya kuita. Aliyenisikia ni mfagiaji, naye peke yake hakuweza kunishusha, akakaa nami tukasubiri. Walipokuja walikuwa wanacheka, wameshiba, wema tupu. Ningefanyaje? Nilisema asante.

Habari ya mkaguzi wa huko kwenu, nitauliza ofisini.

Mteremko wako nimeufikiria sana. Nina maswali mawili tu, usikasirike. Ulipokuwa unapanda na ile saruji, nani alikuwa nyuma ya kiti? Na urefu wake ukoje? Hizo ngazi ni ndefu kwenda juu, na pale mbele, nikikumbuka vizuri, nafasi si kubwa.

Mpwa wako

20 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika. Jino bado lipo.

Nani alikuwa nyuma ya kiti? Mimi! Ulitaka awe nani? Umeniuliza kama polisi. Toka lini kiti kikajipandisha chenyewe? Kazi ya mtu mzima mwenye nguvu ni nini kama si kumsukuma asiyeweza? Wewe nilikutoa nyumbani mpaka darasani, mvua na jua, na hata siku moja hukuwahi kuchelewa, hukuwahi kuniambia niko nyuma au niko mbele. Ulikuwa unaimba.

Hao waliokusahau juu ni wahuni. Hapa kwangu haliwezi kutokea. Yeyote atakayekuja na kiti, mimi nipo. Natoka kwenye chumba changu cha pale kando ya ngazi, namsukuma, mchezo ukiisha namshusha. Hakuna atakayeachwa.

Mkazamjomba wako anashona sare za shule, nyumba nzima ni uzi. Nisalimie dada yangu.

Mjomba wako

3 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo salamu zitakuwa fupi, maana nikizunguka sana sitaandika.

Mkaguzi wa huko kwenu ni mimi. Nilipokuandikia kwamba nitauliza ofisini, jina langu lilikuwa limeshabandikwa ukutani. Niliwaambia msimamizi wa ukumbi ule ni mjomba wangu, amenilea, wampange mtu mwingine. Wakasema hakuna mwingine, na kwamba Futi naye atatia saini, basi yatosha. Nilitamani kuugua. Nimejaribu hata kukohoa mbele ya dada yako, akaniambia sijui kukohoa.

Tunakuja tarehe kumi na tisa. Naomba jambo moja. Siku hiyo usikiguse kiti changu. Hata ukiona nini, Mjomba, usikiguse.

Nakupenda, na unajua.

Kiroboto

12 Mei

Kiroboto,

Karibu nyumbani. Mkazamjomba anapika tangu jana kwa ugeni wa wiki ijayo.

Kiti sitakigusa.

Mjomba

29 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tulifika salama. Ninaandika kwa sababu sikukuaga, na wewe hukuniaga, na jambo hilo linaniwasha usiku na mchana. Nikiwa ofisini nataka nyumbani, nikiwa nyumbani nataka kutoka.

Najua uliona yote. Lakini uliona ukiwa umesimama, basi acha nikueleze yalivyokuwa kwangu. Mteremko ni mzuri kwa macho. Zege lako halina ufa. Nilipoanza kupanda, watu wote wapo, mwenyekiti yupo, hata yule wa magodoro yupo anajipepea, na wewe umesimama pembeni mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeahidi kutulia. Nikasukuma. Nikasukuma tena. Kufika katikati magurudumu ya mbele yakainuka, nikaona mbingu, kiti kikaanza kurudi. Nilikuwa nimelishika lile bomba kwa mkono mmoja. Ningejishusha, Mjomba. Polepole, kwa aibu yangu mwenyewe, ningejishusha.

Ndipo nikasikia pumzi yako mgongoni. Pumzi hiyo naijua tangu utoto. Ukanipandisha mpaka mlangoni kwa mbio, na watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akapaza sauti, "Si mmeona? Amefika!" Futi akaniangalia mimi, akangoja. Hakuandika kitu.

Nilikwambia, "Nirudishe chini, Mjomba."

Ukasema, "Mwanangu, si umeshafika?"

"Sijafika. Umenifikisha wewe. Nirudishe."

Sijawahi kukuona na uso ule. Ulinishusha taratibu sana, kama mtu anayeshusha mayai, ukaingia chumbani kwako, ukavuta pazia. Mkazamjomba alituletea chai pale nje, nikainywa bila kuionja. Iliniuma, na hata sasa inaniuma. Mtu akiniuliza nani duniani nisingependa kumwambia rudi nyuma, nitakutaja wewe wa kwanza.

Na kuna jambo jingine nililiona, nawe unajua nimeliona. Mteremko wako unakomea kwenye ukuta wa chumba chako. Ndiyo maana ni mfupi, ndiyo maana umesimama wima hivyo. Ungenyooka kama inavyotakiwa, ungepita pale penye kitanda chako cha mchana, redio yako na picha za timu zako zote. Chumba ulichojijengea mwenyewe, tofali kwa tofali. Nilifanyia humo kazi zangu za shule. Siwezi kukuambia kivunje, na siwezi kuandika kwamba mteremko unafaa. Taarifa haijapelekwa, iko chini ya mto ninaolalia. Niambie neno, hata la kunitukana.

Kiroboto

25 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Dada yako alikupigia, akasema uliongea habari za mvua.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwetu imegeuka, mwana ndiye anayemchelea mzazi. Nimeipeleka taarifa. Nimeandika kwamba ukumbi ni mzuri, choo ni safi, mlango unatosha, msimamizi ni mtu wa watu. Nimeandika kwamba mtu wa kiti hawezi kuingia peke yake. Futi ametia saini, ameambatisha na mchoro wa mahali mteremko unapotakiwa kupita. Kwa hiyo mashindano hayatakuja kwenu. Kama yule bwana ataleta magodoro yake, mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Sikuombi msamaha kwa nilichoandika, maana nikiomba nitakuwa mwongo. Nakuomba tu uandike.

Mpwa wako, kama bado

19 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba ya shikamoo zako zote ambazo sikuzijibu. Huku tu wazima. Jino limeng'olewa, mkazamjomba amelihifadhi kwenye kopo la vifungo. Umeandika "kama bado". Ukiandika tena upuuzi huo nitakuja huko nikuchape kwa barua zako mwenyewe.

Nilikukasirikia, sitaficha. Nilikuandikia barua mbili za matusi, mkazamjomba akawashia jiko. Nilikuwa nawaambia wacheza karata, nimemlea nyoka. Wakawa wananijibu ndiyo mzee, maana hawataki kufukuzwa kivulini.

Mchoro wa Futi nilipoletewa sikuufungua. Sikuwa na haja. Siku ya kwanza kabisa ya kujenga nilinyoosha kamba kutoka mlango mkubwa, kamba ikaingia moja kwa moja chumbani mwangu. Nikaivuta nyuma, nikasema, nitasukuma mimi. Ndiyo hivyo tu. Fundi niliyejenga nusu ya mji huu nilijidanganya na kamba yangu mwenyewe.

Sasa sikia kilichonitoa kwenye hasira. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa mtaa wa nyuma, ana kiti kama chako, mwanawe anacheza kwenye timu ya shule. Nikampandisha, nikamweka mahali pazuri. Nikafurahi, nikasema moyoni, laiti Kiroboto angeona. Mchezo ukiendelea mkazamjomba akatuma mtu, jino limemzidi, uso umevimba. Nikakimbia naye zahanati. Tukasubiri, likang'olewa, nikamrudisha nyumbani, nikamchemshia maji. Yule mama alinitoka kichwani kabisa, Kiroboto. Niliporudi kufunga ukumbi, giza linaingia, nikamkuta juu ya mteremko wangu wa kijani na mwanawe amemlalia mapajani. Walijaribu kushuka wawili wakaogopa. Watu wote walikuwa wameshaondoka.

Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa. Alinishukuru. Alisema, "Asante baba, mungu akubariki kwa kuja." Hakuna alichoona cha ajabu, amezoea. Nilimshusha, nikawasindikiza hadi mtaa wa nyuma.

Usiku ule kitandani mwangu sikupata usingizi, nilijilaza juu yake tu. Asubuhi nikatoa redio, nikatoa picha, mkazamjomba akachukua pazia, nikashika nyundo. Kata pua uunge wajihi. Ukuta wa nyuma ulikuwa mgumu sana, nilijenga vizuri mno siku zile, nikajitega mwenyewe. Mwenyekiti alikuja mbio, mikono kichwani, anauliza nimepagawa au vipi, na mashindano yenyewe yameshapewa kituo kile cha bwawa. Nikamwambia asimame kando, kifusi hakina macho.

Mteremko mpya umekwisha. Ni mrefu, unalala chini, unakata kona moja tu. Haupendezi kama ule. Muuza magodoro alikuja akausifu, akasema mikokoteni yake itapita vizuri sana. Nilimtazama mpaka akaangalia kwingine. Amepewa nusu ya ukumbi, hilo siwezi kulificha. Magodoro yamefika mpaka mstari wa kati. Nusu yetu imebaki na kikapu kimoja, na watoto wameshagundua kwamba ukiruka ukakosa, unaangukia pazuri.

Mimi sasa sina chumba. Nakaa kwenye benchi ndani, redio iko kwenye stuli. Nimezoea nusu nusu. Mchana nikitaka kujinyoosha naelekea mahali ambapo mlango wangu ulikuwa, nakuta nimesimama katikati ya njia.

Kuna jambo moja limenishinda. Mteremko huu sijaujaribu. Nilifika mpaka zahanati kuazima kiti, nikageuka. Nikipakia saruji nikasukuma, nitakuwa nimejaribu mikono yangu tena, nayo tunaijua. Yule mama nimemwambia asubiri, kuna mtu anayetakiwa atangulie.

Basi njoo. Usiniambie siku, utajikuta umekaribishwa na mtaa mzima. Sitakuwa nje. Nitakuwa ndani kwenye benchi la mwisho, nimeupa mlango mgongo, na mkazamjomba wako ameapa kukaa ubavuni kwangu anishike mkono nisiinuke.

Mjomba wako